Jina Alilonipa Abba Kabale

Kabale alinipigia simu nikiwa naanika nguo, nikaipokea kwa mkono uliojaa povu. Hakuanza na salamu. "Akiru, Abba ametuacha," alisema. "Amekufa alfajiri. Tumeshamzika." Nilitaka kumuuliza kwa nini hakuniambia mapema nikapanda gari hadi Kulamawe, kisha nikajizuia, maana najua Waislamu hawamlazi maiti wao wakingoja watu wa mbali. Nyuma yake nilisikia wanawake wakizungumza Kiborana. Nilitega sikio nishike maneno kama nilivyoyashika nikiwa mdogo, nikapata moja tu, bisaan, maji. Mtu alikuwa anaomba maji. Mengine yote yalinipita.

Kifo cha mtu ambaye si ndugu yako, si wa kabila lako wala wa dini yako, ni kigumu kukilia. Hujui ukae wapi. Ndugu huketishwa mkekani, jirani huleta unga na sukari, wewe unabaki na nguo mbichi mkononi na watoto wako wanakutazama wakidhani umeumwa na nyigu. Sikuweza kuwaeleza. Nimekaa na jambo hili wiki nzima, na sasa naona afadhali niandike, labda kuna mwenzangu aliyekulia mtaa wa Bulla Pesa enzi hizo ambaye atalikumbuka nami.

Mliokulia pale mnazijua ploti zetu. Vyumba vya mabati vilivyotazamana, uwanja mwembamba katikati, choo mwisho kabisa, na mfereji mmoja uliotoa maji siku ulipojisikia. Sisi ni Waturkana. Baba alikuwa mpakiaji kule soko la mifugo, kazi yake kuwasukuma ng'ombe wa watu wengine kuingia kwenye malori. Mama aliuza mboga kando ya barabara. Chumbani tulisema Kiturkana, shuleni na kanisani Kiswahili, na nje, miongoni mwa watoto, tulisema chochote kilichotangulia mdomoni. Ungeweza kuanza sentensi kwa Kiswahili, ukatukana katikati yake kwa Kimeru na kuimaliza kwa Kiborana, na hakuna aliyekuuliza umeanzia wapi.

Abba Kabale, yaani baba yake Kabale, alikuja na kiangazi. Familia yake ilishushwa na lori la makaa, nao wenyewe walikuwa na vumbi la rangi moja na makaa hayo: yeye, mkewe, na binti yao Kabale aliyekuwa rika langu. Walikuwa na mkeka, sufuria, madumu ya maji, na kibuyu cha maziwa kilichonuka moshi mtamu ingawa hakikuwa na maziwa. Mama alitoka akawasalimu, "Habari zenu," nao wakajibu "Salaam aleikum," na wakati ule hiyo ilitosha kuwa jirani. Abba Kabale alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye shuka na kofia ya kufuma. Hakujua la kufanya na chumba. Aliingia akatoka, akaingia tena akatoka, mwishowe akaketi mlangoni akiutazama ukuta wa mabati uliokuwa mbele yake kama mtu anayengoja uondoke.

Alipata kazi ya kusukuma mkokoteni wa maji. Asubuhi alijaza madumu mbali, akayauza mlango kwa mlango, na alasiri baada ya kuswali alikuja kukaa kando ya kiwanja chetu nyuma ya ploti. Nasema kiwanja, lakini ilikuwa ardhi tupu yenye miiba na mifuko ya plastiki, na mpira wetu ulikuwa wa mifuko hiyohiyo iliyoviringwa na kufungwa kamba. Wasichana na wavulana tulicheza pamoja. Mama Kabale alitaka tu binti yake avae suruali ndani ya rinda na mtandio usidondoke. Tulicheza kama nyote mlivyocheza: kila mtu anaufuata mpira, mpira ukienda kushoto wote kushoto, na vumbi juu yetu kama moshi wa nyumba inayoungua.

Abba Kabale alitutazama hivyo siku nyingi, akionekana kuumia. Siku moja akainuka, akaingia katikati yetu na kuuokota mpira kwa mikono miwili.

"Hapana," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. "Hii hapana. Maji namwagika."

Tukacheka. Kabale hakucheka. Alizungumza na baba yake kwa Kiborana, kisha akatuambia kwamba tusimame mstari, mmoja mbali na mwingine. Kule kwao, alitueleza, visima ni virefu kuingia chini, na wanaume husimama ndani yake mmoja juu ya mwingine, ndoo inatoka kwa huyu inakwenda kwa huyu hadi juu kwenye hori ambako ng'ombe wanangoja. Hakuna anayekimbia, hakuna anayepanda na ndoo yake. Wanaimba, na wimbo ndio unaoiambia mikono wakati wa kupokea na wakati wa kutoa. Asiyeusikiliza wimbo anamwaga maji, na ng'ombe wanakufa.

Basi tukasimama mstari, na Abba Kabale akaimba. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyotegemea kwa mtu wa urefu ule, kama imepita mahali pembamba kabla ya kutufikia. Yeye aliita, sisi tukajibu kutoka kifuani, na kwenye jibu ndipo unapoutoa mpira. Ita, jibu, toa. Mwanzo tulikanyagana. Baada ya siku kadhaa mpira ulianza kutembea peke yake. Hakuwa anajua chochote kuhusu soka, hakujua kona wala penalti, na tulipofunga goli alishangaa kwa nini tunashangilia kupoteza mpira. Lakini watoto wakubwa wa ploti za mbele, waliokuwa wakitupiga kila Jumamosi, walianza kurudi kwao vichwa chini. Watu wakaanza kuja kutazama. Mama mwenyewe alikuja siku moja na beseni lake la mboga kichwani, akasimama hadi mwisho.

Majina yetu yalimshinda. Akatupa mengine, yaliyokuwa ndani ya wimbo. Kabale alikuwa Guracha. Mwenda, kipa wetu, mtoto wa fundi cherehani wa Kimeru, alikuwa Dima. Lowoi, mtoto wa mlinzi, alikuwa Boka. Mimi nilikuwa Dalecha. Ukisikia jina lako, ujue mpira unakuja kwako. Jioni, adhana ya magharibi inapokaribia, alisimama kando ya miiba akatuita wote kwa majina hayo, mmoja mmoja, na hakuondoka hadi wa mwisho ameingia kwao.

Siku moja nilikuwa nakinga maji mferejini, Mama na Mama Kabale wanafua karibu. Walikuwa na Kiswahili chao cha wanawake wawili, kila mmoja anakipinda upande wake, na walielewana sana. Mama Kabale alikuwa anasimulia ukame uliowatoa kwao. "Dalecha ndiye alikufa wa mwisho," alisema. "Abba Kabale alikuwa anampa maji kwa mkono wake, hivi, kidogo kidogo. Alifia mapajani kwake. Siku hiyo alikataa kula. Mimi nikamwambia, twende mjini, hapa tena iko nini?" Mama akasema, "Pole, mama. Pole sana," akaacha kufua.

Niliisahau ndoo, maji yakafurika. Kiswahili hakimtengi mnyama na mtu hapo. Huyu alikufa na yule alikufa, neno ni lilelile, na mimi nilikuwa mtoto wa mjini, sijawahi kulala karibu na zizi. Nilielewa jambo moja tu: Abba Kabale alikuwa na binti mwingine, aliitwa Dalecha, alikufa kwa kiu mapajani mwa baba yake, na jina lake nimepewa mimi.

Nilimuuliza Kabale kama aliwahi kuwa na dada. "Hapana," alisema. Nikamuuliza Dalecha alikuwa nani. Akanitazama kana kwamba nauliza jambo linalojulikana. "Alikuwa wa Abba. Lakini usimuulize, atalia." Kwangu huo ukawa ushahidi kamili.

Sijui nikueleze vipi jinsi jina hilo lilivyokuwa zito. Mwanzoni niliogopa. Nilikunywa maji mengi kuliko nilivyohitaji, nikidhani kiu inaweza kurithiwa pamoja na jina. Kisha woga ukageuka kuwa kitu kingine. Nilianza kumpelekea Abba Kabale chai mlangoni, nikiishika kwa mikono miwili. Nilimpungia mkono mkokoteni wake ulipopita karibu na shule, wenzangu wakanicheka. Uwanjani nilikimbia kwa ajili ya watu wawili. Nilipoitwa Dalecha niliitika haraka sana, ili asije akadhani, hata kwa nukta moja, kwamba amepotea tena. Naye alikuwa akinitazama kwa macho ya upole, na mimi nikaamini ananiona mimi na kumwona yeye nyuma yangu. Sikumwambia mtu. Ilikuwa siri ya kwanza maishani mwangu, na nilijiona mkubwa kwa kuibeba.

Kiangazi hakikutoka. Nyasi zilipoisha karibu, wachungaji wakasogea kwenye malisho ya wenzao, na habari zikaanza kufika mjini za watu kugombana. Mjomba Ekal, kaka yake Mama, alitufikia kutoka Kipsing akiwa amefungwa mkono kwa kipande cha shuka. Mbuzi wake wote walikuwa wamechukuliwa malishoni. Alisema ni Waborana. Baba alimuuliza kama aliwaona nyuso, akasema aliyekuwa pale haulizi nyuso. Alilala chumbani kwetu, mbele ya mlango, na mchana alikaa nje juu ya jiwe akiwa na kisu chake na kijiti, akichonga kijiti hadi kiishe, kisha anatafuta kingine. Mtu ambaye amechunga tangu utotoni ukimnyang'anya mifugo anabaki na mikono isiyo na kazi. Mlango wa pili kutoka hapo alikuwa ameketi Abba Kabale, naye mikono yake imepoteza kazi ileile. Walitazamana hivyo siku baada ya siku, na hawakusalimiana.

Jioni moja tukiwa tunakula, Lowoi akaniita kutoka nje, "Dalecha! Njoo!" Mjomba akaacha kutafuna.

"Nani huyo Dalecha?"

"Ni mimi," nilisema, kwa fahari.

"Nani alikupa?"

"Abba Kabale."

Mjomba akamtazama Mama. Mama akasema ni mambo ya mpira tu, ya watoto, ale chakula. Hakula. Alinawa, akaenda kukaa kwenye jiwe lake.

Mji ulianza kubadilika kwa namna ambayo mtoto huihisi bila kuelezwa. Maduka yalifungwa jua likiwa juu. Kina mama waliokuwa wakituita kwa Kiswahili walianza kutuita kila mmoja kwa lugha yake, kwa sauti ya chini. Mferejini foleni ilikuwa bado moja, lakini watu waliacha nafasi baina ya ndoo na ndoo.

Ndipo walipokuja watu wa shirika la amani. Walikuja na gari jeupe, vipaza sauti na mafurushi ya fulana, na mipira ya kweli, ya ngozi, iliyonuka upya wa dukani. Tuliambiwa kutakuwa na mashindano ya watoto ili jamii zipendane. Sisi tulifurahi mno, maana tulijua hakuna atakayetuweza. Tukajipanga mstari wetu mbele ya kijana wao mmoja mwenye kofia. Akanyoosha kidole kwangu.

"Wewe kabila gani?"

"Bulla Pesa," nilisema.

Wenzake wakacheka. "Hiyo si kabila, msichana. Nyumbani wanaongea nini?"

Akatutenganisha. Nia yake ilikuwa njema, nadhani, ili kabila licheze na kabila mbele ya wazee, kisha wapeane mikono. Mimi na Lowoi tukapewa fulana nyekundu za Waturkana. Kabale akapewa ya buluu. Mwenda hakupata fulana kabisa, kwa sababu Wameru wa kutosha timu hawakupatikana, akaambiwa akae kando aokote mipira inayotoka. Aliuliza, "Sasa nani atakaa golini kwetu?" Hakuna aliyejua sasa golini kwetu ni wapi.

Siku ya mchezo watu walijaa pande mbili, upande mmoja wetu, upande mwingine wao. Sikuwahi kuuona umati wa namna hiyo. Watoto wa timu yangu nilikuwa siwajui, ila Lowoi. Filimbi ilipolia wote walirudi kuwa kundi moja la vumbi, na wale wa buluu vilevile. Abba Kabale alikuwa amesimama mwisho wa upande wao, peke yake kidogo, mikono mgongoni. Kabale alikuwa akimtazama kila mara. Alikuwa amepotea mle, mtandio umelegea, anakimbia huku na huku bila kuugusa mpira, na niliona anakaribia kulia.

Nadhani baba yake naye aliliona hilo. Akaanza kuimba, taratibu, kwa ajili yake.

Sikuamua kitu. Mpira ulinifikia, wimbo ukafika kwenye jina langu, mguu ukapokea. Kisha akaita Guracha, na Guracha alikuwa kulia kwangu kama siku zote, mahali pake palepale, na mguu ukatoa. Kabale aliupokea vizuri sana. Naye akautoa pale jina lilipoita, kwa Lowoi, na Lowoi, mwenye fulana nyekundu kama yangu, akaurudisha kwake mbele ya goli letu wenyewe. Kabale akafunga. Kwa muda mfupi tulikuwa sisi tena. Tulimkimbilia wote wawili kumkumbatia.

Kisha nikasikia kelele. Upande wetu watu walikuwa wamesimama. "Wanauza mechi!" mtu alipiga kelele. Mwingine akasema yule mzee amewaroga watoto kwa nyimbo. Na katikati ya kelele nikamwona Mjomba Ekal akivuka kiwanja, mkono mmoja umefungwa, anatembea kwa hatua ndefu moja kwa moja hadi kwa Abba Kabale.

"Mtoto wetu unamwita nani wewe?"

Abba Kabale aliacha kuimba. "Dalecha," alisema.

"Dalecha ni nani?"

Nilikuwa nimemkimbilia Mjomba, nimefika karibu, na nikasimama. Nilijua jibu. Niliona siri yetu itatoka mbele za watu, na niliona kwamba ikitoka watu watanyamaza na kumwonea huruma.

Abba Kabale alitafuta maneno. Alitazama huku na huku amtafute Kabale amsaidie, lakini Kabale alikuwa mbali. "Ng'ombe yangu," alisema. "Ng'ombe mzuri. Rangi kama jivu. Nakufa." Akaonyesha mapaja yake kwa mikono.

Watu wakacheka. Walicheka pande zote mbili, na hilo ndilo jambo pekee walilolifanya pamoja siku ile. Mtoto mmoja akalia "Mooo!" Mimi sikucheka wala sikulia. Nilikuwa nimesimama pale na msichana mzima ananiondoka mwilini, dada niliyembeba miezi yote ile, niliyemnyweshea maji, na nafasi yake hakukuwa na kitu ila kicheko.

Mjomba ndiye peke yake ambaye hakucheka. "Ndiyo mnavyofanya," alisema. "Ng'ombe ukimpa jina ni wako. Mbuzi ukimtia alama ni wako. Mmechukua mbuzi wangu mkawatia alama yenu. Sasa mnatia alama watoto wetu."

Kisha akamsukuma kwa mkono wake mzima. Abba Kabale hakuwa amejiandaa, akaanguka chali, kofia ikaviringika vumbini. Hakunyanyuka haraka. Alikaa pale chini akimtazama Mjomba kwa mshangao, kama mtu aliyempa mgeni maziwa akarushiwa usoni. Kabale alifika akaiokota kofia, akaipangusa kwa fulana ya buluu, akamvisha. Wazee waliingia kati, filimbi ikapigwa na kupigwa. Watu wa amani walikusanya fulana zao upesi, nyingine zikivuliwa watoto wakiwa bado wanakimbia, wakapakia mipira wakaondoka.

Nyumbani Baba aliniketisha karibu naye nyuma ya chumba, ambako hakuna aliyetusikia, akazungumza nami kwa Kiturkana kwa sauti ya chini. Aliniambia kwamba hata sisi, mwanamume wetu huwa na maksai mmoja anayempenda kuliko wote. Huimba rangi yake na pembe zake, hunyanyua mikono akicheza ili ifanane na pembe hizo, na watu humwita kwa jina la maksai huyo hadi anazeeka. Babu yangu aliitwa hivyo. "Yule mzee hakukutukana," alisema. "Hakuwa na kitu kingine. Alikupa kilichobaki."

"Mwambie Mjomba basi," nilisema.

Baba alisema Mjomba anajua. Alisema Mjomba alikuwa na maksai wake pia, aliyekufa kiangazi hikihiki, na ndiyo maana alielewa haraka kuliko wote waliocheka. "Sasa hivi hasikii," alisema. "Na mimi nikisimama uwanjani kumtetea Mborana, kesho sokoni nani atapakia na mimi?" Leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao, na bado sijui la kumjibu.

Asubuhi tulipofungua mlango, uwanja wa ploti ulikuwa umelowa. Madumu yote ya Abba Kabale yalikuwa yamepasuliwa kwa kisu, kila moja ubavuni, na maji aliyokuwa ameyajaza kwa ajili ya kuuza yalikuwa yanaingia ardhini. Wanawake walisimama milangoni na sufuria mikononi. Mama Kabale alitoka, akayatazama, akarudi ndani, na tukamsikia anaukunja mkeka.

Waliondoka siku hiyohiyo, kwanza kwa jamaa zao upande wa pili wa mji, na baadaye, mvua zilipokuja, walirudi Kulamawe. Vitu vyao vilienea kwenye mkokoteni na nafasi ikabaki. Mama alivuka uwanja mbele ya watu wote akamshika Mama Kabale mikono, wakasimama hivyo. Kabale alikuwa ameshika kibuyu, hakuniangalia. Mimi nilikuwa mlangoni, Baba ameniwekea mkono begani, na sikujua kama mkono ule unanishika au unajishika wenyewe.

Abba Kabale alisukuma mkokoteni hadi mbele ya mlango wetu, akasimama. Nilingoja. Nilikuwa nimelala nikilifikiria lile jina na nilikuwa nimeshaamua kwamba nitaitika. Ng'ombe au mtu, nitaitika. Akainama kidogo, akanitazama kwa macho yaleyale ya upole, akavuta pumzi kama mtu anayenyanyua kitu asichokizoea.

"Akiru," alisema. Alilitamka polepole, vizuri kabisa, bila kosa hata moja; lazima alikuwa amejifunza kwa Kabale. "Kwaheri, Akiru."

Kisha akainamisha kichwa na kusukuma, wakatoka kwenye lango.

Mama alirudi akaingiza miguu yake yenye tope ndani, jambo ambalo hakuwahi kuliruhusu. Mjomba Ekal alikuwa ameketi kwenye jiwe lake karibu na mlango. Mama akatoka tena na kikombe cha chai, akamwekea chini, si mkononi.

"Haya," alimwambia. "Wamekwenda. Mbuzi wako wamerudi?"

Mjomba aliinama akaanza kukaza kamba za akala zake, viatu vya mpira wa gari, moja kisha nyingine, taratibu, kama mtu mwenye safari, akamaliza, na akabaki ameketi.